Fomu Niliyokujazia

Yeoville, Jumapili mchana

Sifa mwanangu, mama yangu wa pili,

Mmetoka hapa saa nne asubuhi, wewe na mama yako, kwenda kwa Mama Faida kusukwa, na kwa zile rasta nyembamba ulizozitaka najua hamrudi kabla ya jua kuanza kushuka. Kwa hiyo nina saa kadhaa. Habari za koti, soksi za sufu, dawa ya kifua na sanduku lisizidi kilo, mama yako amezisema tangu ulipopata barua ya kazi, na ataendelea kuzisema kesho mpaka mlango wa ndege ufungwe. Mimi siongezi. Nimekagua pasipoti yako mara tatu leo, nikakagua na jiko kama limezimwa, ingawa sijapika. Unanijua. Moyo ukinienda mbio, mikono hutafuta kitu cha kukagua.

Nina mambo mawili ya kukuambia. La kwanza ni la zamani, na linamhusu huyo anayekusuka sasa hivi. La pili ni la wiki tatu zilizopita, na linahusu sahihi yako. Ningeweza kuanza na la pili nikamaliza, lakini bila la kwanza utaniona mjinga tu, na mimi nataka angalau unione mjinga mwenye historia yake.

Kazi yangu unaijua. Ulipokuwa mdogo uliwaambia wenzako shuleni kwamba papa yako "anaandikia malori", na hukukosea sana. Nilifika hapa Afrika Kusini nikiwa mwalimu wa hesabu kutoka Bukavu, nikawa mlinzi wa ghala kule Midrand. Siku moja lori la kwenda Lubumbashi lilikwama uani kwa sababu hakuna mtu ofisini aliyeweza kusoma karatasi zake za Kifaransa. Nikazisoma mimi, na sare yangu ya ulinzi mwilini, na mwezi uliofuata nikapewa meza. Miaka kumi na minne sasa najaza matamko ya forodha, na sifa yangu pale ni moja tu: mzigo wa papa Sifa haukwami.

Siri ya sifa hiyo sijakuambia. Nilijifunza mapema kwamba afisa wa mpaka haogopi kitu kibaya, anaogopa kitu asichokijua. Neno geni kwenye karatasi humfanya ainue simu, na akishainua simu mzigo unalala pale wiki mbili. Kwa hiyo niliondoa maneno mageni. Mashine ya maabara niliiita vyombo vya kioo, na kwa kweli ilikuwa na kioo. Nilijiambia huo si uongo, ni kurahisisha. Mtu akirahisisha miaka kumi na minne, mkono wake hauulizi tena kichwa.

Sasa Kibindo. Ulikuwa mwaka wa pili chuoni, na hali kule nyumbani ilikuwa imechafuka tena. Wamama wa kanisa letu la Bukavu walikuwa wakipashana habari kwa simu: njia ipi ni salama leo, mtoto wa nani amechukuliwa, nani amejificha kwa nani. Simu zikinyang'anywa barabarani, ujumbe unasomwa, na kila jina lililomo linafuatwa nyumbani kwake. Ukakaa kwenye meza hii ninayoandikia, ukaandika programu ukaiita Kibindo, kwa ajili ya bibi yako uliyerithi jina lake, aliyefunga kila kitu cha thamani kiunoni kwenye pindo la kitenge. Ulinieleza mara nne, nikaelewa mara ya tano: ujumbe unafungwa kwenye simu ya anayetuma, unafunguka kwenye simu ya anayepokea tu, na hapo katikati hata wewe uliyeiandika huwezi kuusoma. Kisha ukaiweka yote wazi mtandaoni, mstari kwa mstari, yeyote aichukue bure, aikague, airekebishe. Nikakuuliza ni mtu gani anayeonyesha wezi jinsi kufuli lake lilivyotengenezwa. Ukacheka ukasema kufuli linalotegemea kufichwa ni bahati nasibu, papa, si kufuli.

Nikaogopa. Nikafanya ninachofanya nikiogopa, nikasoma sheria. Nikakuta hapa Afrika Kusini anayetoa huduma za kufunga ujumbe namna hiyo anatakiwa kujiandikisha serikalini. Nikakuta Wamarekani wana orodha ndefu ya vitu visivyovuka mpaka bila kibali, na programu za namna hii zimo, ukoo mmoja na vitu vinavyoweza kutumika vitani. Wewe ukanionyesha mlango ulioachwa wazi: programu ambayo iko mbele ya macho ya dunia nzima ina ruhusa pana, maana utasemaje unasafirisha kitu ambacho tayari kiko kila mahali? Lakini kufanya kazi na mtu aliye katika nchi iliyofungiwa kwa vikwazo, kumfundisha, kumsaidia, hilo lina sheria nyingine, na ulisema hata mawakili wenyewe wanavutana. Wewe ulielewa yote hayo. Mimi nilisikia neno moja tu, orodha.

Wamama wa Bukavu hawakuweza kuipakua. Mtandao ulikuwa unakatwa kutwa nzima. Ukaiweka kwenye laptopu yako ya zamani, pamoja na maelekezo ya Kiswahili uliyonisomea nikusahihishe, ukaniomba nitafute msafiri. Desturi yetu unaijua. Mtu akisema tu anakwenda nyumbani, kabla hajakata tiketi sebule yake imejaa vifurushi vya watu. Na msafiri haulizi kilichomo, kwa sababu kuuliza ni kumshuku mwenzako. Mama Faida alikuwa anapanda basi la Lubumbashi kumzika kaka yake, na huko palikuwa na mtu wa kuipokea na kuendelea nayo kwa ndege. Nikampelekea begi. Laptopu nilikuwa nimeifunga katikati ya mabunda ya nywele za bandia, na juu ya begi nikabandika karatasi ya Kifaransa safi kabisa: vifaa vya saloni.

Fikiria, Sifa. Kitu ambacho mtu yeyote duniani angeweza kukichukua bure akiwa amelala kitandani kwake, mimi nilikificha ndani ya nywele! Kama ningemwambia abebe laptopu mkononi, aseme ni ya mtoto wa rafiki, ina programu ya kutumiana ujumbe, pengine wangeitazama wakampa. Lakini afisa alisoma "vifaa vya saloni", akatia mkono, akatoa kompyuta. Akaiwasha, ikaomba neno la siri. Akamuuliza ni ya nani. Mama Faida, kwa kunilinda mimi ambaye sikumwambia kitu, akajibu ni yake. Wakamwambia basi aifungue.

Walimweka siku nne. Kaka yake alizikwa yeye akiwa amekaa kwenye benchi ya ofisi ya forodha.

Aliporudi nilimfuata saloni. Alikuwa anasuka mteja na hakugeuka.

"Papa Sifa, ile kompyuta walichukua," akasema. "Niliwaambia ni yangu. Wakasema ifungue. Sasa mi nitafungua na nini?"

Nikampa pole, kisha, Mungu anisamehe, nikaanza kumweleza habari za sheria. Akanikata.

"Eish, papa Sifa, acha ile sheria. Mi sikukuuliza kilichomo sababu ni wewe. Ungeniambiaka tu. Ningejua hata namna ya kudanganya."

Yule mteja alicheka, akidhani ni utani. Nilimwomba Mama Faida asikuambie, akakubali, kwa sharti kwamba siku moja nitakuambia mwenyewe. Nyumbani nikakuambia laptopu iliibwa ndani ya basi. Ulilia, na nilijua hukulilia kompyuta, ulilia kwa sababu kazi haikufika kwa wamama. Nikakushika bega, nikawalaani wezi wa mabasi pamoja nawe. Miaka mitano Mama Faida amenyamaza, na leo ameshika kichwa chako mikononi mwake tangu asubuhi. Kila simu hii ikilia nadhani ni wewe, umeshajua. Labda umeshajua kweli. Kama ni hivyo, soma tu, maana la pili halijui hata yeye.

Baada ya laptopu kupotea ndipo alipotokea Kamran. Nchi yake siiandiki hapa, unaijua, na iko kwenye kila orodha. Aliikuta Kibindo mtandaoni, akakuandikia kwamba kwao pia mtandao hukatwa, na kwamba anajua namna ya kuifanya iwe ndogo kiasi cha kuruka kutoka simu moja hadi nyingine bila mtandao wowote. Mlifanya kazi pamoja miezi saba. Nilikuwa nakusikia hapa sebuleni unabishana naye kwa Kiingereza chenu cha vipande vipande, na nyuma yake binti zake wawili wakigombania kitu. Programu ikapita mpaka, simu kwa simu, bila begi wala karatasi, na wamama wakaipata. Mama mchungaji alipopiga na kusema sasa wanalala, wewe ulimwambia ashukuru na mwingine, ambaye hamjui. Nilijivuna sana siku ile. Nikaogopa pia, kwa sababu sasa palikuwa na jina.

Halafu ikaja hii kazi ya Dublin. Kampuni inataka kuitumia Kibindo ndani ya bidhaa yake, inataka na wewe uitunze, na wenye kampuni ni Wamarekani. Wiki tatu zilizopita mawakili wao wakaleta fomu ya kurasa kumi na mbili. Ulikuwa unakabidhi kazi yako ya zamani, macho mekundu kwa kukosa usingizi, ukaniwekea fomu mezani.

"Papa, wewe ndiye bingwa wa fomu. Nijazie, please. Ile ya kumi na tisa nimeandika mwenyewe, uibandike tu nyuma."

Kisanduku cha kumi na tisa kinataka majina ya watu wote waliochangia programu na ambao wako, au walikuwa, katika nchi zilizoorodheshwa kwenye kiambatisho. Wewe ulikuwa umeandika nusu ukurasa kwa mkono. Umemtaja Kamran, umesema alifanya nini, lini, na kwamba yote yalikuwa wazi mtandaoni, na umemaliza kwa sentensi ambayo nimeisoma mara nyingi mno wiki hizi: "Bila yeye programu hii isingefanya kazi mahali ambapo inahitajika zaidi." Nikaona afisa anainua simu. Nikakuona wewe umekwama. Nikakumbuka zile foleni za vibali, wewe na mimi, umelala begani kwangu, kila mara tukiambiwa turudi kesho, karatasi moja imepungua. Nikajaza fomu yote kwa mwandiko wangu mzuri. Kwenye kumi na tisa nikaandika "Hakuna". Nusu ukurasa wako nikauweka ndani ya begi langu la kazi.

Uliposhika kalamu uliniuliza, "Uko sure, papa? Kila kitu kimo?"

Nikasema, "Sharp, iko sawa."

Ukatia sahihi bila kusoma, kwa sababu ni mimi. Kesho yake ukaipeleka kituo cha polisi cha Marshalltown ikagongwa mhuri kuwa nakala halisi, ukaituma.

Sitasema nilifanya kwa ajili yako, ingawa ndivyo nilivyojiambia kwenye teksi nikienda kazini. Nilifanya kwa ajili ya hofu yangu. Niliogopa wakikukatalia utavunjika moyo hapa mbele yangu nami sitajua la kufanya. Na niliogopa, hili ni la aibu zaidi, kwamba nikiwa na mkono katika kuondoka kwako basi kuondoka kwako kutaniuma kidogo kuliko kunavyoniuma.

Alhamisi iliyopita, wakati wa chakula kazini, nilifanya jambo ambalo sijawahi kufanya miaka yote hii. Nilifungua ukurasa wa Kibindo mwenyewe. Nilitaka tu kuona kazi ya mwanangu kabla hajaondoka. Nikakuta jina lako, na chini yake jina la Kamran, na saa, na siku, na alichobadilisha, na mlichoambiana. Tena na tena, ukurasa baada ya ukurasa. Yeyote anaweza kuona, nami nimeona nikiwa na mkate mkononi.

Unaelewa ujinga wangu? Katika kazi yangu uongo unakaa kwenye droo, na droo ina ufunguo, na ufunguo uko kwa mtu ambaye hana muda. Nimezoea dunia hiyo. Kazi yako wewe iko dirishani. Nimeandika "Hakuna" kuhusu kitu ambacho wakili yeyote wa Dublin atakiona siku atakayotazama, na siku hiyo hawatamtafuta mzee wa Midrand mwenye mwandiko mzuri. Watakutafuta wewe, kwa sababu sahihi ni yako. Utakuwa umekaa mbele yao, na hutajua hata kama udanganye au la.

Tangu Alhamisi silali. Mama yako anadhani ni safari. Sijamwambia, kwa sababu yeye angekuwa amekuambia siku ile ile, na mimi nilitaka siku chache zaidi za kuonekana baba mzuri.

Mpango wangu wa kwanza, na huu nauandika ili unijue vizuri, ulikuwa kutia barua ndani ya sanduku lako, chini kabisa, chini ya lile koti. Ungeikuta Dublin. Ungenichukia kwa mbali, na ungekuwa umeshafika. Jana, kabla sijaandika neno, nilifungua hata zipu nikaweka bahasha tupu kupima. Nikaona mikono yangu ikipanga nguo juu yake vizuri, kama ilivyopanga mabunda yale ya nywele, nikaitoa bahasha. Ningekuwa nimekubebesha mzigo mwingine usioujua, uvuke nao mpaka.

Kwa hiyo utaipata leo, ukiingia, na kichwa chako kikiwaka moto kwa kusukwa, kabla ya chakula. Nitakukabidhi mkononi. Ndege yako ni kesho saa nne usiku. Nimeangalia saa zao: ofisi ya Dublin inafungua kesho asubuhi, na jina la wakili aliyetuma fomu liko mwisho wa barua yake. Una siku nzima. Ukimwandikia, huenda wakasema ungoje. Huenda kazi ikaenda. Huenda wakakuambia ubaki na kampuni au ubaki na Kamran, na hilo sijui kulijibu. Ulishaniambia ukimfuta yeye umefuta nusu ya kazi, na najua hukumaanisha mistari tu. Huenda pia wakasema asante kwa kusema mapema, kwani kila kitu kilikuwa wazi tangu mwanzo, kama ulivyoandika. Wewe uliwaamini watu hao kiasi cha kuwaambia ukweli. Mimi ndiye sikuwaamini, wala sikukuamini wewe kwamba unajua unachofanya.

Kama utaamua kunyamaza, hiyo nayo ni yako, na nitakusindikiza uwanjani vilevile, sitasema neno. Lakini utanyamaza ukijua. Mawaidha mengine sina, mwanangu. Ninayo haya ya kukosea mara mbili kosa moja, kwa watu wawili waliokuwa wananiamini. Kwa Mama Faida nilipeleka pole na gunia la mchele. Hakuwahi kusema kwamba ilitosha, nami sijawahi kumuuliza. Ukikutana na mtu wa kumwambia "sharp" huko uendako, hakikisha kwanza umemwonyesha kilichomo.

Mama yako amepiga simu. Mmemaliza, mmefika kwenye taa za robot, mnasimama kwenye kiduka cha spaza kununua mkate. Sauti yake ni ya kawaida, kwa hiyo bado hujui, au unajua na unamficha.

Nisamehe, Sifa. Niliandika "Hakuna" mahali palipokuwa na mtu, na nikakufanya wewe utie sahihi.

Chini ya barua hii nimeweka nusu ukurasa wako, haujakunjwa, na fomu nyingine niliyoichapisha Ijumaa kazini. Kurasa zote nimezijaza upya, isipokuwa kisanduku kimoja. Hicho ujaze wewe.

Papa yako